Kesi ya Mnyoo Manyoya

Katika chumba cha mbele cha nyumba moja ya ghorofa mjini Hamburg, Ujerumani, palikuwa na mji. Ulikuwa mji wa lita 300 za maji ya chumvi, kuta zake kioo, jua lake taa iliyochomoza saa nne asubuhi na kuzama saa nne usiku bila kukosea dakika. Kangaja wa buluu, ambaye ndiye aliyekuwa jumbe, alivuliwa pwani ya Kenya akasafirishwa kwa ndege ndani ya mfuko wa plastiki. Bi Tumbawe wa matawi alitoka Indonesia, kwenye mashamba ya baharini ambako vipande vya matumbawe hupandwa kama pingili za muhogo. Kitatange, karani wa mji, hakupenda kuulizwa alikotoka. Na wako waliokuja bila kualikwa, wamejikunja ndani ya matundu ya mawe, ambao hata majina yao hayakuandikwa popote.

Hao wa mawe ndio walioufanya mji uishi, ingawa hawakuwa na mkeka barazani. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta aliwaeleza wafugaji wa samaki jinsi alivyochota maji na mawe baharini, pamoja na kila kilichoishi ndani yake, akayatia kwenye kioo na kupuliza hewa, na viumbe wakastawi. Jiwe la bahari lina bakteria wanaoigeuza amonia, ambayo ni sumu kali kwa samaki, ikawa nitriti, kisha nitrati. Lina vidudu wanaokula masazo kabla hayajaoza. Samaki mmoja akifa nyuma ya jiwe usiku, asubuhi huenda usikute hata mfupa, na maji yako safi. Mtu asiyeijua kazi hiyo hudhani mji unajisafisha wenyewe.

Mmoja wa wafagizi hao alikuwa Mnyoo Manyoya. Urefu wake kama kidole cha shahada, rangi yake ya waridi iliyofifia, ubavuni ana vishungi vya manyoya meupe mithili ya vioo vilivyosagwa. Ukimshika kwa mkono mtupu yanakuingia na kukuwasha siku mbili. Kwa sura hiyo, na kwa tabia yake ya kutoka taa ikizimwa, hakuwa na rafiki ila Konokono.

Bi Tumbawe ndiye aliyekuwa fahari ya mji. Alikuwa na matawi kumi na tisa, rangi ya zambarau inayoishia kwenye ncha za samawati, na kila tawi limejaa vinywa vidogo vinavyofunguka kama nyota. Ndani ya ngozi yake waliishi wapangaji, mwani mdogo mno usioonekana kwa jicho, nao walimlipa kodi ya sukari wanayoipika kwa mwanga. Sehemu kubwa ya chakula chake ilitoka kwao. Katikati ya matawi alikaa Kaa mdogo mwenye macho mekundu, mlinzi wake, aliyemfagilia mchanga na kumbana kwa gando yeyote aliyesogea.

Basi majira ya baridi yalipokaribia, Bi Tumbawe akaanza kuugua. Kwanza vinywa vilifunga mchana, vikafunga na usiku. Kisha zambarau ikachujuka kama kanga iliyoanikwa juani miezi mitatu. Halafu asubuhi moja wakazi wakaona pete nyeupe kwenye mguu wake, pale alipogandishwa kwenye jiwe. Haukuwa weupe wa ngozi iliyokimbiwa na wapangaji. Tumbawe aliyekimbiwa bado ana nyama, ukimtazama kwa karibu unaona vinywa vyake vikicheza juu ya mfupa. Hapa ngozi yenyewe ilikuwa imebanduka. Ilining'inia kwenye ukingo kama utando wa maziwa yaliyochemka, na chini yake mfupa mtupu. Kila siku pete ilipanda upana wa punje ya mchele.

Jumbe Kangaja akaitisha baraza mbele ya pango.

"Mji wetu umeingiliwa," alisema. "Maji ni mazuri. Mimi mwenyewe nayaogelea mchana kutwa na sijapata kujisikia mwepesi kama miezi hii. Mwenye Kioo anachungulia kipimo chake cha chumvi kila Jumamosi na kinasema 35, ndiyo chumvi ya bahari. Joto nyuzi 25. Kama maji ni mazuri na Bi Tumbawe anakufa, yuko anayemuua."

Kitatange akasogea mbele. "Kikulacho ki nguoni mwako, Jumbe. Usiku wa kuamkia leo nilitoka pangoni taa ikiwa imezimwa. Nikamwona Mnyoo Manyoya yuko mguuni pa mgonjwa, mdomo ameuzamisha kwenye kidonda. Naapa."

Mji mzima ukaguna. Mnyoo akaulizwa kama ni kweli alikuwa pale.

"Nilikuwa pale," alisema. "Na juzi nilikuwa pale. Nyama iliyokufa inaoza, Jumbe, na ikioza inaambukiza iliyo hai. Naila iliyokufa. Sijagusa iliyo hai."

"Anakiri," Kitatange akasema. "Na ukoo wake unajulikana. Bahari ya Atlantiki wako minyoo wenye manyoya kama haya, wanapanda juu ya tawi la tumbawe na kulinyonya mpaka ncha. Huyu ni ndugu yao."

Neno hilo la mwisho lilikuwa kweli. Wako minyoo wa aina hiyo Atlantiki. Lakini hakuna aliyemuuliza Kitatange kuhusu ukoo wake mwenyewe, maana wao na vipepeo wa baharini wanafahamika katika kila mwamba kwa kudonoa matumbawe, na wapo wanaoishi kwa chakula hicho tu. Karani haulizwi swali analouliza yeye.

Ndipo Konokono, mzee kuliko wote, akaomba kusema. Alikuwa ameng'ang'ania kioo kwa shida, mguu wake umelegea.

"Shikamoo Jumbe. Mimi sijui aliyemuua mtu. Najua kusoma kidonda, maana nimekaa juu ya mawe haya miaka mingi nikipita taratibu. Kila muuaji ana mlango wake. Taa ikimchoma tumbawe, huungua mabega yanayolitazama jua, na kwapani hubaki salama. Jirani akimchapa usiku kwa minyiri yake, kama yule tumbawe mwingine, Bi Nyota, anavyoweza kuirefusha, kidonda kinakuwa upande mmoja, upande wa jirani. Wale minyoo bapa wanaojificha kwa kufanana rangi na ngozi huacha alama za mviringo, na mayai yao wanayabandika kwenye mfupa kama ufuta juu ya mkate. Kitatange akidonoa, vinywa vinafungwa na ngozi inachanika chanika huku juu. Samahani karani, natoa mfano. Bi Tumbawe hana hata kimoja. Ameanza kumenyeka mguuni, pande zote kwa pamoja, huku mwili mzima umechujuka na ncha zimeacha kukua. Kidonda cha namna hii hakitoki kwa adui mmoja aliyekuja usiku. Kinatoka kwenye kitu kinachomgusa mahali pote."

"Kitu gani kinamgusa mahali pote?" Jumbe akauliza.

"Maji, Jumbe."

"Nimesema maji ni mazuri."

Baraza likavunjwa. Shauri likapitishwa. Kesho yake Mwenye Kioo, ambaye naye usiku uleule alimwona Mnyoo kwa mwanga wa tochi, akateremsha chupa ndogo yenye kipande cha kamba ndani na mdomo mwembamba. Mnyoo Manyoya aliingia kwa ajili ya chakula. Asubuhi chupa ikapandishwa, na maji yake yakamwagwa chooni.

Siku nne mji ukasubiri Bi Tumbawe apone. Pete ikapanda kwa mwendo uleule. Siku ya tano ikapanda kwa kasi zaidi, maana sasa hapakuwa na wa kula nyama iliyooza, na utando wa kahawia ukajishika kwenye ukingo wa kidonda.

Mwenye Kioo alimpenda sana yule tumbawe, hilo lazima lisemwe. Alikaa mbele ya kioo mpaka saa sita usiku. Upendo wake aliutia kwenye chupa. Alitia dawa ya iodini. Akapunguza taa, akaiongeza. Alinunua chombo cha kupimia kalsiamu, akakuta 360 badala ya zile 420 za bahari, akaanza kumimina kalsiamu. Akapima magnesiamu, akakuta 1100 mahali pa 1290, akatafuta chupa nyingine. Jumatatu alibadili mkondo wa pampu, Jumatano akamhamisha Bi Tumbawe kwenye jiwe la juu, Ijumaa akamrudisha chini. Mgonjwa aliyekuwa na tatizo moja sasa alikuwa na matatizo sita, na hata lile la kwanza likipona asingejua ni kipi kimeliponya. Nimeona watu wakimuua kwa wiki moja tumbawe ambaye ugonjwa ungemuua kwa miezi mitatu. Dawa sita zikitiwa kwa pamoja huwa maradhi ya pili.

Habari ya kalsiamu ilipofika barazani, ikaleta kesi mpya. Kitatange aliinuka tena.

"Sasa mwizi amejulikana. Chokaa ya mji imeibwa. Nani hapa anajenga kwa chokaa? Mtazameni Chaza Mkubwa na gamba lake. Ameongeza ukingo mzima tangu mvua za masika."

Chaza, ambaye midomo yake ya buluu ilikuwa imenywea kwa wiki kadhaa, alijaribu kusema kwamba tangu baridi ianze hajaongeza hata uzi. Sauti yake haikufika. Wengine wakamtaja Kaa, kwamba amekaa katikati ya matawi siku zote hizo na hakuona adui, basi huenda adui ni yeye.

Kaa akatoka mpaka kwenye ncha ya tawi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana. "Nyumba yangu ndiyo inayokufa," alisema. "Bi Tumbawe akifa, mimi sina pa kulala, na wewe Kitatange utanila kabla ya jioni. Kama kuna mtu humu ana sababu ya kutaka apone ni mimi. Nimembana kila aliyemkaribia. Hajaja adui." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na Mnyoo alikuwa akinisaidia."

Konokono hakuwa tena kwenye kioo. Alikuwa mchangani, chali, mguu juu. Mmoja wa kamba wawili wa mji akamsogelea amsaidie kugeuka akashindwa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amevua gamba siku mbili nyuma na jipya lilikuwa halijakaza. Pacha wake alikuwa amekufa katikati ya kuvua, nusu ndani, nusu nje. Mji ulisema alikula sana.

Kutoka pale chini, chali, Konokono akasema maneno ambayo ndiyo kiini cha hekaya hii, na alisema taratibu kwa sababu hakuwa na nguvu za kusema vingine.

"Jumbe, nikuulize swali moja tu. Lini?"

"Lini nini?"

"Lini ulianza kujisikia mwepesi?"

Jumbe akafikiri. "Ile siku Mwenye Kioo alipoleta ndoo mbili. Vuli. Alitoa maji akatia mengine. Maji yale yalikuwa laini. Nililala vizuri usiku ule."

"Siku ileile," alisema Konokono, "mimi nilianguka kwenye kioo kwa mara ya kwanza maishani. Siku ileile Chaza alifunga. Bi Tumbawe alifunga vinywa kesho yake. Kamba wale wawili walijificha juma zima. Nilihesabu. Waliofurahi ni wewe, Kitatange na samaki wote. Waliodhoofika ni konokono, kamba, chaza, tumbawe. Hukuona ajabu mstari ulivyopita, Jumbe? Haukupita kati ya wema na wabaya. Ulipita kati ya wenye mlango na wasio na mlango."

Akaeleza. Damu ya samaki ina chumvi kama theluthi ya ile ya bahari. Samaki hunywa maji ya bahari, na matamvua yake hutema chumvi iliyozidi mchana na usiku. Hiyo ni kazi nzito, na maji yakipungua chumvi kazi inapungua, samaki anapumua kwa raha. Mafundi hata huwatibu samaki wenye vimelea kwa kuishusha chumvi ya karantini chini sana, na samaki wanastahimili. "Lakini sisi hatuna mlango huo. Bahari ikiwa 35, ndani yetu ni 35. Bahari ikiteremka 30, maji yanatuingia, tunavimba mpaka tulingane nayo, tutake tusitake. Wewe huwezi kuhisi tunachohisi, na sikulaumu kwa hilo. Nakulaumu kwa kusema maji ni mazuri kwa sababu wewe unalala vizuri."

Palikuwa kimya. Pampu tu ndiyo iliyosikika.

"Kipimo kinasema 35," Kitatange akasema hatimaye.

"Nani amekipima kipimo?"

Hakuna aliyejibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiria kwamba kipimo nacho hupimwa.

Hapa hekaya inatoka nje ya kioo. Mwenye Kioo alikuwa na binti wa miaka kumi na moja, na kazi yake ya nyumbani, aliyojipangia mwenyewe, ilikuwa kuwageuza konokono walioanguka. Alivaa glovu ya mpira, akaingiza mkono, akamsimamisha mzee kwenye kioo. Jioni hiyo alimgeuza mara ya tatu kwa siku moja. Akaenda kwa baba yake.

"Baba, mbona konokono wanaanguka na samaki hawaumwi?"

Baba akasema samaki ni wagumu.

"Zamani konokono nao walikuwa hawaanguki."

Binti akachukua daftari. Aliandika upande mmoja wanaoumwa, upande mwingine wasioumwa. Kisha akafanya jambo ambalo baba yake, pamoja na chupa zake zote, hakulifanya. Jikoni palikuwa na ndoo ya maji mapya ya chumvi yaliyochanganywa jana kwa ajili ya Jumamosi. Hakuna samaki aliyeyaogelea, hakuna chaza aliyeyanywa. Akapima kalsiamu yake. Ikawa 360. Akapima magnesiamu. 1100. Mfuko wa chumvi uliandikwa kwamba maji yakichanganywa sawasawa yatoe 420 na 1290.

Binti akakaa chini na kugawanya, kwa sababu darasani walikuwa kwenye sehemu. Mia tatu na sitini ni sita ya saba za mia nne na ishirini. Elfu moja na mia moja, karibu kabisa, ni sita ya saba za elfu moja mia mbili na tisini. Mwizi wa chokaa angechukua chokaa akaacha magnesiamu. Hapa kila kitu kilipungua kwa sehemu ileile moja ya saba, ndani ya ndoo ambamo hapakuwa na mtu wa kuiba. Basi kilichokosekana kilikuwa chumvi yenyewe, na sita ya saba za 35 ni 30.

"Baba, kile kipimo cha kuchungulia kilianguka lini?"

Baba alinyamaza kitambo. Kilianguka vuli, juu ya vigae vya jikoni. Alikipangusa, akakirudisha kwenye kasha. Jumamosi iliyofuata alichungulia akaona 40. Akashtuka, akasema chumvi imezidi, na mchana uleule akatoa ndoo mbili za lita 20 na kujaza maji matupu mpaka kikasoma 35. Tangu siku hiyo kikasoma 35 kila Jumamosi, naye akalala.

Kesho yake wakanunua kichupa cha maji ya mfano, yaliyotengenezwa yawe 35 kamili. Baba akafungua kifuniko cha kile kipimo, akadondosha matone mawili juu ya kioo chake cha buluu, akafunika polepole pasiingie kiputo. Wakangoja nusu dakika maji yapoe sawa na chombo. Binti ndiye aliyechungulia, amekielekeza dirishani. Juu palikuwa buluu, chini peupe, na mstari wa mpaka ulikuwa juu ya 40.

"Arobaini," alisema.

Baba akachukua, akachungulia, akakaa. Ile 40 ya vuli ilikuwa 35. Mji haukuwa na kosa lolote siku aliyoutia ndoo mbili za maji matupu.

Wakageuza skrubu ndogo mpaka mstari ukakaa kwenye 35. Wakapima mji. Ukasoma 30.

Baba alitaka kumwaga chumvi usiku uleule, na binti akamshika mkono. Walioumizwa na kuteremka ghafla wangeuawa na kupanda ghafla. Katika lita 300, kutoka 30 hadi 35 ni kilo moja na nusu ya chumvi, na ilipasa iingie kidogo kidogo. Nyumba za Hamburg majira ya baridi zina hewa kavu kwa sababu ya mitambo ya joto, na mji ule ulipoteza lita nne za mvuke kwa siku. Mvuke hauchukui chumvi, ndiyo maana siku zote pengo hujazwa kwa maji matupu. Wao wakalijaza kwa maji ya chumvi 35. Lita nne, gramu 140 kwa siku. Siku ya kumi na moja mstari uligusa 35, na wakarudia maji matupu. Katika siku hizo kumi na moja hawakutia dawa nyingine hata tone. Chupa zote zilifungwa ndani ya kabati. Naamini hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote kwa yule baba.

Siku ya sita Konokono alishinda kwenye kioo bila kuanguka. Siku ya tisa Chaza alifungua midomo, buluu yake ikarudi kwanza pembeni. Kamba akavua gamba tena, akatoka mzima.

Bi Tumbawe hakurudi kama alivyokuwa. Mguu ulishakufa na matawi kumi na moja yalikuwa mifupa. Baba akakata ncha nane zilizokuwa bado na ngozi, akakata juu kabisa ya ukingo wa kidonda, kwenye nyama safi, akazibandika kwa gundi juu ya vijiwe. Kwa tumbawe hilo si mauti. Kila kipande ni yeye. Vipande vitatu vilikufa ndani ya wiki ya kwanza. Vitano vilikaa. Baada ya mwezi ngozi ya vile vitano ilianza kumwagika juu ya gundi kama nta, ikalishika jiwe. Kaa akachagua kipande kikubwa kuliko vyote, ambacho hakikumtosha hata kujificha, akakaa hapo hivyohivyo, mgongo nje.

Jumbe Kangaja aliitisha baraza la tatu. Alisema kwamba kuanzia siku hiyo kesi yoyote ya ugonjwa itaanza kwa kumuuliza Konokono hali yake, na jumbe atajibu wa mwisho. Alisema na jingine, na sauti yake haikuwa ya barazani: kwamba Mnyoo Manyoya alisema kweli, na aliposema kweli walimwita mwenye kukiri. Kitatange aliambiwa aandike hilo, akaliandika. Tundu la Mnyoo kwenye jiwe la chini lilibaki wazi, na mabaki ya chakula yakajikusanya mdomoni mwake mpaka ikawa binti anayanyonya kwa bomba kila jioni.

Nawe msomaji uliye na mji wa kioo nyumbani, ukimkuta mnyoo kwenye kidonda cha tumbawe lako usiku wa leo, mwache aendelee na kazi yake. Nenda kanunue kichupa cha maji ya 35, ukidondoshee kipimo chako matone mawili, na uchungulie kwa macho yako mstari unasimama wapi.